Kura Aliyoshinda Ardelle Teel

Tarehe 13 Novemba 2018, katika mkutano wa wakazi wa kisiwa cha Hallett, nje ya pwani ya Maine, hoja ya Ardelle Teel ilipita kwa kura ishirini na saba dhidi ya kumi na moja. Hoja yenyewe ilitaka kisiwa kikubali kuunganishwa na mitambo ya upepo itakayoelea baharini upande wa kusini, na waya wa umeme upite chini ya maji ya wavuvi wake hadi ufukweni.

Hakuna aliyepiga makofi. Hilo halikumshangaza Ardelle, kwa sababu watu wa Hallett hawapigi makofi mikutanoni. Kilichomshangaza ni makoti. Kwa kawaida mkutano ukiisha viti husogezwa ukutani, meza hutandikwa, na watu waliokuwa wakirushiana maneno muda mfupi uliopita huketi kula maharage ya kuoka kutoka sufuria moja. Mchana ule walivaa makoti yao, wakamshukuru mwenyekiti kwa sauti ya chini, wakatoka. Ardelle alirudi nyumbani na pai zake tatu za maboga, hata moja haijatiwa kisu.

"Labda walikuwa wameshiba," alimwambia binti yake, Tansy, aliyemsaidia kuzibeba.

"Mama, Winslow Hupper hajawahi kushiba tangu azaliwe."

Ardelle ana miaka sitini na moja. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana na masikio ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, yameharibika nusu. Tangu mwaka 1989 kazi yake ni kutunza jenereta mbili za dizeli zinazowasha taa za kisiwa. Zimo kwenye kibanda cha bati nyuma ya shule, na mngurumo wake husikika kila nyumba. Mgeni akilala Hallett kwa mara ya kwanza hakosi kulalamika asubuhi kwamba kelele zimemnyima usingizi. Wenyeji huamka pale kelele zinapokoma.

Dizeli huja kwa boti, na boti haiji bahari ikichafuka. Umeme wa Hallett ni ghali kupindukia: wakazi huzima majokofu majira ya baridi na kuweka nyama barazani. Familia mbili zenye watoto zilihamia bara katika miaka mitatu, na zote zilitaja bili ya umeme kabla ya kutaja jambo lingine. Shule ilibaki na wanafunzi wanne. Ardelle ndiye aliyekuwa akiandika bili hizo na kuzipeleka mlango kwa mlango, na anasema hapo ndipo alipoanza kufikiria upepo, kwa uchovu wa kuwapa watu habari mbaya.

Kampuni ya mitambo ilimtuma kisiwani kijana mmoja, Joaquim Furtado, mtoto wa mvuvi kutoka kusini, huko Massachusetts. Mara ya kwanza alikuja na michoro mikubwa ya rangi na viatu visivyofaa. Hakuna aliyemtukana. Walimpa kahawa, wakamsikiliza, na alipouliza kama kuna maswali, Winslow Hupper, mwenyekiti wa mkutano, aliuliza swali moja tu: boti yake inaondoka saa ngapi?

Ardelle alimkuta gatini akiwa ameketi juu ya begi lake.

"Umewaambia mambo mengi mazuri," alimwambia. "Hapa mambo mazuri yanatutisha. Nipe hiyo ramani."

"Utaifanyia nini, mama Ardelle?"

"Nitaiweka jikoni kwangu ichafuke."

Kwa majira mawili ya baridi aliizungusha ramani hiyo nyumba kwa nyumba, mpaka ikawa na duara za vikombe na alama za mafuta. Hakumuuzia mtu upepo. Aliingia, akaketi, akala alichopewa, na akasubiri aulizwe. Akiulizwa jambo asilolijua, alisema hajui, kisha akampigia simu Joaquim na kurudi wiki iliyofuata na jibu, hata kama jibu lilikuwa baya. Aliwapeleka wavuvi wanne kwenye kisiwa kimoja cha kusini ambako mitambo mitano tayari ilikuwa imesimama baharini. Walikaa kutwa nzima na wavuvi wenzao wa huko, na katika safari nzima ya kurudi wakabishana kama ile kelele waliyoisikia ilikuwa ya mapanga au ya tumbo la mmoja wao.

Kutokana na mazungumzo hayo yalizaliwa masharti tisa. Taa nyekundu za mitambo ziwake tu eropleni inapokaribia. Mtego ukiharibiwa na chombo cha kampuni ulipwe ndani ya mwezi mmoja. Fedha za kuing'oa mitambo itakapozeeka ziwekwe kando kabla wa kwanza haujasimikwa. Ardelle aliyaandika yote kwa mkono, na kampuni, baada ya kugunaguna, ikayakubali.

Ni kazi iliyomjengea heshima na kumletea utani. Kila mtu alijua kwamba siku waya utakapofika, jenereta zitazimwa. "Ardelle ndiye mtu pekee ninayemjua anayefanya kampeni afukuzwe kazi," alisema Darlene Orne mwenye duka. Ardelle alimjibu kwamba katika umri wake kufukuzwa ni namna nzuri ya kulala.

Mtu aliyebaki nje ya makubaliano alikuwa shemeji yake.

Vaughn Teel ni kaka mkubwa wa marehemu mume wake, Merton. Ana miaka sitini na saba na hutega kambakoche peke yake kwenye mwamba uliozama mashariki ya bandari, ambao familia ya Teel huuita Jikoni. Baba yao aliulisha mwamba huo chambo kwa miaka arobaini, nao ukamlishia watoto saba. Waya wa umeme, kama ulivyochorwa kwenye ramani ya Ardelle, ulipita juu yake.

Vaughn hakupiga kelele. Alikuja kwenye kila kikao, akaketi kiti kile kile karibu na jiko la kuni, na mwishoni akanyoosha mkono na kusema bado ana jambo la kufikiria. Akisema hivyo, watu kumi walioketi karibu naye nao walianza kufikiria. Ardelle alimheshimu sana, lakini kufikia Oktoba alitamani ashikwe na mafua.

Siku mbili kabla ya mkutano wa Novemba, maji yakiwa yamekupwa, Vaughn aliteleza kwenye mwani wa ngazi ya gati na kuvunjika kifundo cha mkono wa kulia. Walimpeleka bara kwa boti ya barua. Kiti cha karibu na jiko kilikuwa kitupu mkutano ulipofunguliwa, na Winslow Hupper alikitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kuna anayetaka tuahirishe?" aliuliza.

Ardelle alisimama. "Mwenyekiti, sheria yetu inasema wakazi ishirini na watano wanatosha kupiga kura. Tupo thelathini na wanane. Kampuni inapeleka mpango wake serikalini mwisho wa Desemba, tukiwemo au tusiwemo. Joaquim anaondoka leo na boti ya saa nane. Anahitaji jibu."

Kila alichosema kilikuwa kweli. Winslow alingoja mtu mwingine aseme neno. Hakuna aliyesema, wakapiga kura.

Msimu wa kambakoche Hallett huanza tarehe mosi Desemba, wakati visiwa vingine vinapoziweka boti nchi kavu. Siku hiyo huitwa Siku ya Mitego. Boti zote hutoka bandarini pamoja, zimerundikwa mitego mpaka paa la chumba cha nahodha halionekani, na hakuna inayotoka kabla ya nyingine. Alfajiri mwenyekiti huuliza redioni: nani bado? Nahodha mmoja akisema bado, wote hubaki. Hawaulizi sababu. Mwaka mmoja walingoja wiki nzima kwa ajili ya mtu aliyekuwa akimngoja mkewe ajifungue. Mwaka mwingine walimngoja mtu ambaye injini yake ilikufa, na walichoka kungoja hadi wakaenda kumtolea injini wenyewe na kumfungia nyingine.

Watu wa bara wakiusikia utaratibu huu husema ni upendo. Wenyeji hawasemi hivyo. Wanasema anayetoka kwanza hukamata mwamba mzuri, na anayebaki nyuma hukamata kinyongo, na kisiwa chenye watu sitini hakina mahali pa kukiweka kinyongo.

Vaughn alirudi wiki moja kabla ya Siku ya Mitego, mkono umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Alijifungia katika banda lake la mitego. Waliopita waliona moshi wa jiko lake na kusikia redio ikiimba.

Tarehe mosi Desemba bahari ilitulia kama maziwa kwenye bakuli. Winslow aliuliza redioni.

"Bado," alisema Vaughn.

Tarehe mbili upepo ulikuwa wa kaskazini, mwepesi, unaofaa. Vaughn alisema bado. Tarehe tatu alisema bado.

Bei ya kambakoche hupanda wiki chache kabla ya Krismasi, kisha huanguka. Kila siku iliyopita ilikuwa siku ya bei nzuri iliyopotea, na boti kumi na moja zilikuwa zimefungwa na chambo cha samaki wa chumvi ndani yake kikianza kujitangaza. Hakuna aliyemwambia Vaughn neno. Walimwambia Ardelle.

Sio kwa maneno makali. Alipoingia dukani kununua kahawa, Darlene alimuuliza kama shemeji yake anaendelea vizuri, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za deni. Winslow, aliyekuwa akinunua biskuti, alimsogezea kiti.

"Keti, Ardelle. Nikuulize kitu."

"Uliza nikiwa nimesimama. Nina jenereta inanisubiri."

"Ile kura yako. Naona imeanza kunuka chambo."

Watu wawili walicheka, kisha wakaacha. Ardelle alilipa kahawa yake.

"Wewe ndiye uliyekuwa mwenyekiti, Winslow," alisema. "Ungetaka kuahirisha, ungeahirisha."

"Mwenyekiti anauliza tu. Mnaojibu ni nyinyi." Alivunja biskuti vipande viwili. "Nami sikuuliza kwa nguvu. Hilo ni langu. Lakini wewe uliyesimama ni Teel, na kiti kitupu kilikuwa cha Teel. Sisi wengine tungesema nini katikati ya shemeji na shemeji?"

Nyumbani Tansy alikuwa akisugua buti zake kwa hasira ambayo buti hazikuistahili. Ana miaka thelathini na mbili na boti yake mwenyewe, ambayo bado anailipia benki.

"Baba mkubwa anatulipiza," alisema. "Anasema bado, na hawezi kuulizwa. Amekaa pale anatucheka."

"Vaughn hana tabia hiyo."

"Basi ana tabia gani? Wewe unamjua zaidi yangu. Nenda ukamuulize."

"Haruhusiwi mtu kumuuliza."

"Nahodha haruhusiwi. Wewe huna boti."

Ardelle aliamini kama binti yake, ingawa hakusema. Akiwa njiani kuelekea bandani, na mojawapo ya zile pai, zilizokuwa zimegandishwa barazani, mkononi, alikuwa ameshapanga maneno. Angemwambia kwamba utaratibu wa kungojana haukuwekwa ili mtu mmoja aufanye fimbo. Angemkumbusha kwamba Tansy ni damu yake. Alisukuma mlango kwa goti bila kubisha.

Vaughn alikuwa ameketi juu ya kreti katikati ya kamba. Kamba zilijaa sakafuni, zikaning'inia kwenye misumari, zikafunika benchi. Kamba moja ya kijani ilikuwa imebanwa katikati ya magoti yake, na alikuwa akiisuka na kamba nyingine ya buluu kwa mkono wa kushoto, akishika ncha kwa meno.

Aliitema ncha. "Shemeji. Umekuja kunizika au kunilisha?"

"Kukulisha. Kuzika itategemea majibu yako."

"Basi weka pai hapo nianze na utamu."

Ardelle aliiweka pai, lakini maneno aliyokuja nayo hakuyaona tena. Alikuwa akitazama kamba. Mke wa mvuvi kwa miaka ishirini na sita hahitaji kuambiwa kamba ya Jikoni ina urefu gani. Mwamba ule una maji mafupi, na kamba zake ni fupi. Hizi zilizokuwa zimeshaungwa zilikuwa zaidi ya mara mbili.

"Unaenda wapi na kamba ndefu hivi?"

"Nje. Kwenye kina."

"Hujawahi kutega kwenye kina."

"Nimewahi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwa na akili." Alichukua kipande cha pai kwa mkono mzima. "Sharti la saba, shemeji. Wavuvi watatoa mitego kwenye njia ya waya Februari na Machi, chombo cha kupima kipite. Njia ya waya ni Jikoni. Nikitega pale sasa, nitaitoa Februari kwa mkono mmoja, katika baridi ile. Afadhali nitege kwengine tangu mwanzo."

Sharti la saba lilikuwa la mwandiko wa Ardelle. Alikuwa ameliweka ili kuwalinda wavuvi, mitego yao isiburutwe na chombo cha kampuni, na kila aliyelisoma alilisifu.

"Kwa hiyo hutulipizi," alisema.

"Nilipize nini?"

"Kura."

Vaughn aliacha kutafuna. Alionekana ameudhika kweli, kwa mara ya kwanza. "Kura ni kura. Mmepiga, imepita. Mimi natafuta namna ya kuishi nayo, na namna yenyewe ni kuunga kamba zote hizi kwa mkono ambao hata kijiko haukijui. Nikisema bado, ni bado."

"Ungeomba msaada. Wangekuja watu ishirini."

"Wangekuja, wangeona kamba, wangeuliza kwa nini ndefu. Ningejibu nini? Ningeonekana nalia juu ya kura." Alirudi kwenye kazi yake. "Kesho kutwa nitakuwa nimemaliza. Waambie wavumilie."

Ardelle alivua koti na kuketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Alichukua kamba ya kijani na ya buluu, akafungua nyuzi za ncha zake na kuanza kusuka. Walifanya kazi hadi pai ikabaki nusu.

"Kama ungekuwepo siku ile," aliuliza hatimaye, "ungesema nini?"

"Ningeuliza kama waya unaweza kupita magharibi, kwenye tope. Kwenye tope wanaufukia, unalala. Jikoni ni jiwe, hawawezi kufukia, watautandikia mawe juu yake na mitego yangu itanasa kila siku. Lakini sijui. Labda magharibi kuna sababu haifai. Nilitaka kuuliza tu, kijana yule yupo, watu wote wanasikia. Mimi sikuwahi kusema sitaki umeme. Nimechoka kula nyama ya barazani kama wengine."

Ardelle hakunyanyua macho. Njia ya magharibi ilikuwepo. Joaquim alikuwa amemwonyesha mwezi Septemba, mstari wa nukta pembeni ya ramani nyingine. Ilikuwa ndefu zaidi, haijapimwa, na kuipima kungengoja majira ya kuchipua. Ingepitisha kisiwa nje ya tarehe ya Desemba. Alikuwa amemuuliza Joaquim kama ni lazima ailete mkutanoni, na Joaquim akasema mtu akiiuliza ataieleza. Hakuna aliyeiuliza. Aliyekuwa na swali hilo alikuwa hospitalini, na Ardelle alikuwa amehesabu viti.

Alimwambia yote, kamba mkononi.

Vaughn aliiweka kamba yake magotini. Redio ilitangaza hali ya hewa ya mashariki.

"Merton angesema nini?" aliuliza.

"Merton angesema nilikuwa na haraka."

"Merton angesema zaidi ya hapo. Alikuwa na mdomo mchafu, mdogo wangu yule."

Ardelle alicheka, kisha akapangusa pua kwa mkono wa sweta na kusema anakwenda kupiga simu.

Joaquim alipokea akiwa ofisini. Ardelle alimweleza kwa kifupi: anataka jambo lifunguliwe upya, na njia zote mbili ziwekwe ukutani. Sheria ya Hallett inamruhusu mtu aliyepigia kura upande ulioshinda kuomba hivyo. Yeye alikuwa upande ulioshinda. Angeomba.

"Mama Ardelle," alisema Joaquim taratibu, "unajua mpango unapelekwa tarehe thelathini na moja. Hallett isipokuwemo, siwezi kukuahidi kwamba itaongezwa baadaye. Huenda wakaongeza. Huenda wakasema mngoje awamu nyingine, na hiyo ni miaka."

"Najua."

"Miaka miwili umezunguka na ile ramani."

"Najua, Joaquim. Nilikuwepo."

Upande wa pili kiti kililia. "Bosi wangu atasema nilirudi na sahihi mkononi, na sasa nina mikono mitupu."

"Mwambie amtume mtu mwingine aje achukue sahihi. Tutampa kahawa na kumuuliza boti yake inaondoka saa ngapi."

Joaquim alicheka bila kutaka. Alisema ataandika kwamba wakazi wameomba njia ya magharibi ipimwe, na kwamba yeye mwenyewe anaiunga mkono. Zaidi ya hapo hakuahidi kitu, na Ardelle hakumsukuma.

Hapo lilizuka tatizo ambalo hakuna aliyelitarajia. Kura ikifunguliwa upya, hakuna chombo kitakachokuja kupima Februari. Chombo kisipokuja, Vaughn anaweza kutega Jikoni kama miaka yote. Na mtu hawezi kutega Jikoni na kamba ndefu: kamba iliyozidi hulegea, hujizungusha kwenye mawe, na mtego haurudi.

"Yaani nizifungue tena?" aliuliza Vaughn, akitazama kazi ya siku tisa.

"Ndiyo."

"Shemeji, ungenichelewesha na hiyo pai kwa wiki moja tu, nisingeanza."

Asubuhi ya tarehe nne Winslow aliuliza redioni, na Vaughn akasema bado. Kisha akafanya jambo ambalo nahodha wa Hallett hafanyi. Aliongeza maneno. Alisema ana kamba za kufungua na mkono mmoja wa kufungulia, na mwenye nafasi apite bandani.

Tansy alifika kwanza, buti hazijafungwa.

"Baba mkubwa, hivi ulishindwa kusema siku zote hizi?"

"Nilisema bado. Lugha ya boti haina neno refu zaidi."

Baada ya Tansy walikuja wengine, mpaka banda likajaa na waliochelewa wakafanyia kazi nje, juu ya mitego iliyopangwa uwanjani. Ardelle alileta pai mbili zilizobaki. Winslow Hupper alikula vipande vinne na kutangaza kwamba pai ya maboga ikikaa inakuwa bora. Ardelle alisimama karibu na jiko na kuwaeleza, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kuhusu mstari wa nukta wa magharibi, lini aliujua, na kwa nini hakuusema. Alieleza pia kitakachoweza kupotea. Mikono haikusimama kufungua kamba. Darlene, ambaye ndiye hulipa bili kubwa ya umeme kuliko mtu yeyote kwa ajili ya majokofu ya duka, aliuliza kama kuna uwezekano wakakosa umeme kabisa.

"Upo," alisema Ardelle.

"Haya," alisema Darlene, na kuomba apishwe asogee karibu na moto.

Tarehe tano Desemba Winslow aliuliza nani bado, na redio ikabaki kimya. Boti kumi na moja zilitoka bandarini kwa mstari. Ya Vaughn ilikuwa ya katikati, na mtoto mmoja wa Hupper aliazimwa kuwa mkono wake wa kulia. Ardelle hakuwa gatini kuwapungia, maana jenereta ya pili ilikuwa imeanza kukohoa na alikuwa chini yake na spana.

Mpango wa kampuni utapelekwa serikalini tarehe 31 Desemba bila jina la Hallett. Joaquim Furtado ameandika barua ya kuomba nafasi ya kisiwa iachwe wazi, na hajajibiwa. Ombi la Ardelle limebandikwa kwenye mlango wa duka. Mkutano utafanyika shuleni Jumamosi, tarehe 12 Januari, saa nne asubuhi, ramani zote mbili zikiwa ukutani, na kama siku hiyo kuna mkazi aliyekwama bara, utasogezwa mbele mpaka arudi.